Tone la Mafuta Kwenye Kofia ya Mwanangu

(Jina la dada huyu tunalo. Ameomba tulifiche. Mhariri)

Ndugu Mhariri,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Mwanangu niliyekuwa nimembeba mgongoni siku ndege ile ilipoanguka sasa anakaa mwenyewe, na barua hii nimeianza mara nne nikaichana.

Nina miaka ishirini na mitatu na watoto wawili. Kwetu ni Malindi, si ile ya pwani bali hii ya juu milimani, lakini tunaishi huku chini karibu na uwanja wa ndege wa nyasi, ambako mume wangu hupakia kabichi za vijiji vyetu vya ujamaa. Sisi wake wa wapakiaji huzichambua kabla hazijaingia kwenye matenga.

Siku hiyo nilipita chini ya bawa kuokota majani ya kabichi. Tone likaangukia kofia ya mtoto. Kutazama juu, mafuta meusi yanachuruzika kutoka kwenye injini. Nikamwita mume wangu.

"Baba Neema, ndege inavuja. Tazama kofia ya mtoto."

Akacheka. "Lori la kijiji nalo linavuja, mbona kila siku linapanda mlima wa Soni? Rudi kwenye kabichi zako, Bibi Injinia!"

Wapakiaji wote wakaangua kicheko. Rubani alikuwa hatua kumi tu, anakunywa chai. Kwa aibu, hata shikamoo ilinishinda, sembuse kumwambia habari ya mafuta.

Ndege ikapaa. Haijamaliza kuvuka shamba la mkonge, injini ile ile ikakohoa, ikatoa moshi, ikazimika. Bawa likalala upande mmoja. Nikamfunika mtoto uso kwa kanga. Ule mshindo mpaka leo nausikia nikiweka sufuria chini.

Alikufa rubani, akafa na Baba Zuberi, jirani yetu, aliyepanda kusindikiza mzigo. Sasa watu wanasema yeye ndiye aliyezidisha matenga. Mjane wake akifika kisimani, wenzake wanainua ndoo na kuondoka. Mimi ninajua, na ninanyamaza.

Wachunguzi wanarudi mwezi ujao. Mume wangu ameshatia sahihi kwamba hakuona wala hakuambiwa kitu. Nilipomwambia nitasema, alikaa chini, akawatazama watoto.

"Mama Neema, nikifungwa, hawa utawalea na nani?"

Si mtu mbaya. Nikiugua ndiye anayechota maji na kupika uji. Lakini nilimjibu, "Na Zuberi, nani anamlea?" Tangu hapo ananifuata kwa macho. Namwogopa yeye, nawaogopa wachunguzi, na ndege yoyote ikipita juu najikuta nimewakumbatia watoto wote wawili.

Ninyi mngekuwa mimi, mngefanyaje? Pole nimeshapewa za kutosha. Nitumieni anwani ya mtu wa sheria ambaye barua zake hazitapitia ofisi ya uwanja wa ndege, anakofanya kazi mume wangu. Nitumieni jibu la swali moja: mke akisema kweli, mume aliyetia sahihi atafungwa? Na nitumieni maneno, hata mstari mmoja, ya kumwambia Mama Zuberi. Kila asubuhi anakuja kwangu kuomba moto, ananiita dada, nami nampa kaa bila kumtazama usoni.