Koti la Kazi Getini

Kila siku mume wangu alipokuwa amelala, avenyu yetu ya Buyenzi, mjini Bujumbura, ilinyamaza, na aliyeinyamazisha ni mimi. Nasema hivyo bila haya. Wako wanawake wanaojisifia mapishi yao, wako wanaojisifia watoto wao. Mimi najisifia usingizi wa mwanamume mmoja, dereva wa lori lenye trela, nilioulinda miaka ile ya vita mpaka majirani wakanibatiza jina la Kamanda.

Kabla ya vita, dereva wa safari ndefu alijipangia saa zake mwenyewe. Akitoka Dar es Salaam na mzigo aliendesha mpaka macho yakawa mazito, akaegesha pembeni, akalala pale pale kwenye kiti, akanawa uso, akaendelea. Vita ilipokuja, upande wa Tanzania mambo yalibaki hivyo, lakini akishavuka mpaka kuingia kwetu, saa hazikuwa zake tena. Malori yalikusanywa, yakapangwa mstari mmoja, askari mbele na askari nyuma. Hiyo ndiyo konvoi, na konvoi ikishaanza kutembea haisimami. Nani angemwambia askari kwamba anaomba kusinzia kidogo juu kule Bugarama, wakati ile milima ndiyo waliyokuwa wanaiogopa wao wenyewe? Aliyebaki nyuma alibaki peke yake.

Kwa hiyo mapumziko ya njiani yakahamia nyumbani. Dereva ilimbidi aondoke mjini na usingizi wake umejaa, kama anavyojaza dizeli.

Hayo sikuyajua tangu mwanzo. Siku moja alirudi, akakaa kwenye mkeka, nikampa maji, akaanza kunisimulia huku anacheka. Kwenye mteremko wa kushukia Bujumbura alikuwa analiona lori la askari mbali mbele yake, halafu akaliona limejaa kioo kizima, na katikati hapo hakukumbuka kitu. Macho yalikuwa wazi, alisema. Alikanyaga breki, trela likayumba, likatulia. "Ni Mungu tu," akasema, akacheka tena. Mimi sikucheka. Niliingia jikoni nikaegemea ukuta, na hofu niliyoisikia ilizidi hofu ya risasi. Risasi sikuwa na la kuzifanya. Usingizi niliona nauweza.

Nikaweka sheria zangu. Akirudi anakula chakula chepesi, anaoga maji ya moto, analala, na hakuna wa kumwamsha mpaka aamke mwenyewe. Dirisha niliziba kwa blanketi. Maharage siku hiyo hayakupikwa, maana yanamgeuzageuza kitandani. Nilimpikia samaki wa mukeke na ndizi. Watoto walivua viatu mlangoni na ugomvi wao waliupeleka nje. Nyumba yangu niliimudu bila taabu. Shida ilikuwa jirani wa ukuta mmoja na sisi, fundi wa bodi za magari, ambaye nyundo yake ilianza kulia kabla hatujamaliza chai.

Nilimwendea na sahani ya maandazi.

"Jirani," nikamwambia, "bwana yangu akiwa amelala, we fanya kazi ya kupaka rangi. Kugonga utagonga kesho."

"Na mi nitajuaje kama amelala?" akauliza, andazi mdomoni.

Hapo ndipo nilipolifikiria koti. Lilikuwa koti lake la kazi, la buluu, lenye madoa ya grisi ambayo sabuni yangu ilishayakatia tamaa. Nikalitundika kwenye geti. Koti likiwa nje, dereva yuko ndani amelala. Fundi akaweka nyundo akashika brashi. Vijana wa mpira wakahamia avenyu nyingine. Muuza mkaa akapita kimya. Hata mama mkwe wangu, ambaye hajui kuongea kwa sauti ndogo, siku moja aliliona koti akageuza njia akarudi kwake, na kwa hilo peke yake nililipenda koti lile.

Sasa nifike kwenye asubuhi ninayotaka kuisimulia. Mume wangu alikuwa amerudi jana yake na konvoi, macho mekundu, hata salamu ameijibu kwa shida. Koti lilikuwa getini. Mimi nilikuwa kwenye kigoda mlangoni nachambua mchele, patroni akaingia. Patroni ndiye aliyekuwa mwenye malori, mtu mzima wa heshima, anayeswali safu ya mbele, na hakuwa na mazoea ya kubembeleza.

"Mama, muamushe bwana yako," akasema. "Niko na kamyo ya kahawa, shoferi wake ameshikwa na malaria. Konvoi inaondoka sasa hivi."

"Karibu ukae, patron. Amelala."

"Koti nimeiona. Muamushe."

"Apana."

Nadhani neno hilo hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia.

"Mi njo mwenye gari," akasema.

"Na mi njo mwenye bwana. Gari ikianguka kule kwenye mulima, utanunua ingine. Mi nitanunua wapi?"

Akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mashoferi ni wengi, mama. Hii kamyo nitapatia mutu mwingine. Na ile ya bwana yako pia nitamupatia mutu mwingine."

Akatoka. Nikaendelea na mchele wangu, ila nilikuwa natupa punje nzima pamoja na mawe. Madereva wasio na gari walikuwa wengi kweli, kila asubuhi niliwaona wamesimama karibu na soko wakingoja bahati. Chakula cha watoto, kodi ya nyumba, shule, vyote vilitoka kwenye ufunguo wa lori lile. Nilijiona mjinga. Nikainuka, nikafungua mlango wa chumba ili nimwamshe, maana pengine patroni hajafika mbali. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, mzito. Nikaukumbuka ule mteremko. Nilimpenda sana mtu yule, na nilitaka mikono ile irudi nyumbani. Nikaufunga mlango polepole, nikarudi kwenye kigoda, na saa ya konvoi ikapita mimi nikiwa hapo hapo.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekaribia patroni aliporudi. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Hakuingia ndani, aliketi kwenye benchi la fundi, na fundi, ambaye asubuhi alisikia kila neno, akajifanya anakoroga rangi.

"Mama," patroni akaniita, "hii mambo ya koti, ni we ulifundisha hawa bibi wengine?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Alikuwa amekwenda kwa madereva anaowaamini, wote walioingia mjini jana na konvoi ile ile. Nyumba ya kwanza, mwisho wa avenyu yetu, alikuta koti getini na mwanamke kakaa mlangoni. Nyumba ya pili, avenyu ya pili, koti la mvua na mwanamke mlangoni. Akaendesha mpaka mtaa wa Ngagara. Dereva wa kule hakuwa na koti, mke wake alikuwa ametundika suruali. Wote watatu walimjibu neno moja: amelala. Na wale wa karibu na soko, yeye mwenyewe hakuthubutu kuwakabidhi trela la kahawa kwenye barabara ile.

Mmoja wa wanawake wale nilikuwa nimemsimulia habari ya koti sokoni, tukiwa tunagombania dagaa. Hao wengine sikuwajua hata sura. Nilijifunika uso kwa ncha ya kitenge ili patroni asione ninavyocheka. Moyo ulinijaa fahari ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku nilipomwoza binti yangu.

Nikampa maji, kisha nikamkaribisha wali. Akala, akangoja. Baada ya alasiri mume wangu alitoka ndani anapiga miayo, akamkuta mwajiri wake anakomba sahani yangu ya pili. Konvoi nyingine ilikuwa ya kesho asubuhi, na lori la kahawa lilitakiwa kukaguliwa jioni ile.

Patroni akatoa ufunguo wa lori hilo mfukoni. Lakini kabla ya kuutoa mkononi mwake akanigeukia mimi, mbele ya fundi na watu waliokuwa wanapita.

"Mama, amelala ya kutosha?"

Nilimshika mume wangu kidevu, nikamtazama jicho hili, nikamtazama jicho lile. Yalikuwa meupe.

"Sasa mupatie, patron," nikasema.

Nikalitoa koti getini, nikamvalisha mwenyewe hapo hapo barabarani. Nikawasindikiza, na hatujafika hata kwenye kona, fundi akaanza kugonga.