Nilivyomuuza Saidi kwa Chumba Chenye Feni

Kosa ni langu peke yangu, sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Jina langu mniachie, maana mama yangu yuko Mbekenyera na mpaka leo anaamini mwanawe alitoka chuoni kwa sababu ya macho. Ndiyo, macho! Nilimwambia ubao ulikuwa mbali.

Ninyi hamnijui, kwa hiyo ninyi nawaambia ukweli.

Nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja pale Nachingwea. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Saidi, kijana wa Kimwera kutoka Chiola. Bwenini yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Ndoo yetu moja, sabuni yetu moja, pasi ya mkaa moja. Tulikuwa tunaitana "mwanangu", kila mmoja baba wa mwenzake.

Pale chuoni kulikuwa na jambo moja lililotuunganisha wote, Waislamu kwa Wakristo, Wamwera kwa Wamakua: maharage. Jamani, yale maharage! Yalikuwa yamebunguliwa mpaka mengine ni maganda tu yanaelea, na ukibahatika unamkuta mdudu mwenyewe ndani, katulia kama mwenye nyumba.

Siku moja tuko bwaloni, Saidi akasukuma sahani pembeni.

"Mwanangu, wewe una mdomo. Gombea urais wa wanachuo, hili la maharage uliseme mpaka lieleweke."

"Na wewe je?"

"Mimi nakupigia debe."

Akalipiga kweli. Alizunguka mabweni yote, akaimba, akacheza, akakauka sauti. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya benchi na kupiga kelele: "Mkinichagua, mdudu atahama au nitahama mimi!" Watu wakanibeba juu juu. Nikashinda.

Hapo ndipo nilipoharibika.

Mkuu wa chuo aliniita ofisini. Nilikwenda na hasira yangu nimeipanga vizuri kabisa. Nikakuta chai ya maziwa, chapati na mayai.

"Karibu, Mheshimiwa Rais," akasema.

Mheshimiwa! Mimi! Mtu ambaye nyumbani naitwa tu nikafukuze ngedere mahindini! Chapati ya kwanza, hasira ikapungua. Ya pili, nikaanza kuona kwamba chuo nacho kina changamoto zake za bajeti.

Nilipotoka pale nilikuwa nimepewa chumba cha peke yangu, jirani na nyumba za walimu. Chenye feni. Mnaolijua joto la Nachingwea kabla mvua hazijaanza mtanielewa, ingawa sidhani kama mtanisamehe.

Nikanunua koti la suti la mtumba mnadani Ruangwa, mikono yake imenipita vidole. Nikaacha kuongea Kiswahili cha watu. Mtu akiniuliza habari ya maharage, namjibu, "Suala hilo liko kwenye mchakato." Akiuliza mchakato umefika wapi, namwambia tumeunda kamati. Kamati yenyewe ni mimi! Darasani nikawa siendi, nasema nina vikao. Vikao vyenyewe ni mimi na feni.

Saidi akanifuata chumbani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanangu, watu wanaharisha. Utasema lini?"

"Saidi, uongozi una taratibu zake."

"Taratibu? Kwani mdudu ana taratibu?"

"Na siku nyingine ukija, upige hodi. Halafu uniite Rais."

Alinitazama kama mtu anayemtafuta mwingine nyuma yangu. Akaondoka.

Haukupita muda wanachuo wakagoma kula. Walizipanga sahani za maharage chini, kuanzia bwaloni mpaka mlangoni kwa mkuu, kimya kimya, bila jiwe wala tusi. Saidi ndiye aliyewasihi wasimtukane mtu. Mkuu akanituma nikatulize hali.

Aisee, sikieni nilichokifanya! Nilisimama na koti langu mbele ya chuo kizima, nikaokota sahani moja pale chini, nikala. Yote! "Ndugu wanachuo," nikasema huku natafuna, "maharage haya ni mazuri na yana protini." Kitu kikaninasa kwenye jino, kitu kina miguu. Nikameza. Nikatabasamu. Hakuna aliyenizomea. Heri wangenizomea!

Kamati ya nidhamu ikakaa, inamtaka aliyeanzisha mgomo. Wanachuo wote walioitwa walisema hawamjui. Nikaitwa mimi.

"Mheshimiwa Rais," mwenyekiti akasema kwa upole, "wewe ni mwenzetu."

Mwenzetu! Neno hilo likanipanda kichwani kama gongo. Nikasema: Saidi. Sikubanwa wala sikutishwa. Nilimtaja kwa hiari yangu, kwa sauti nzito ya kiongozi. Kitu pekee nilichokiogopa ni kurudishwa bwenini kwenye joto.

Saidi akasimamishwa masomo mwaka mzima.

Mama yake akaja kutoka Chiola kumwombea msamaha. Mama mfupi, kanga zimepauka, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni maana Kimwera ndicho kilichomjaa mdomoni. Saidi alikuwa amewahi kumsimulia kuwa rais wa wanachuo ni rafiki yake. Zaidi ya hapo hakumwambia kitu. Mama huyo alinikuta nje ya ofisi ya mkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ndo wewe, rafiki ya Saidi?"

"Ndiye mimi."

"Mie Kiswahili changu kidogo. Wale wakubwa wataniona mjinga tu. Wewe unajua kusema. Tuingie wote, uniombee mwanangu."

Nikarekebisha koti. Nikamwambia mama yule, namwangalia usoni: "Mama, suala lako tunalifanyia kazi."

Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Jamani! Alinishukuru! Mimi nikarudi chumbani, yeye akaingia peke yake. Nasikia hakukaa humo hata kidogo, akatolewa.

Mungu naye hakuchelewa. Mitihani ilipofika, maswali yakawa kama yametungwa kwa Kichina. Nikapata sapu karibu kila somo, nikairudia mitihani, nikafeli tena, nikadisko, yaani chuo kikanifuta. Nikamkimbilia mkuu nikidhani tutakunywa chai. Katibu wake akaniambia nisubiri nje. Nilisubiri mpaka wakafunga ofisi, na mkuu akanipita bila kunitazama. Chumba kilikuwa kimeshapata rais mwingine. Bwenini nako nilipoomba pa kulala usiku huo nikaambiwa vitanda vimejaa, wakati viwili navionea dirishani viko wazi.

Nikarudi Mbekenyera kupalilia mikorosho ya baba na kusimulia habari ya macho.

Saidi alimaliza adhabu yake, akarudi chuoni, akahitimu. Sasa hivi anafundisha kwa kujitolea shule moja huko Nambilanje. Juzi juzi tukakutana stendi ya Ruangwa, uso kwa uso. Nikaanza kujieleza, maneno yakawa yanagongana.

"Acha," akasema. "Mimi yalishanipita. Ila mama kila nikienda anakuulizia. Anasema, yule rafiki yako aliyehangaika kukuombea, mbona haji kutusalimia?"

"Hukumwambia?"

"Lile siyo langu la kusema. Ni lako."

Akapanda gari lake akaniacha pale.

Nikajikaza, nikaenda Chiola. Mama aliponitambua akapiga kigelegele! Kabla sijakaa vizuri, mkeka umetandikwa, majirani wameitwa waje kumwona rafiki ya Saidi, kuku amekamatwa na jirani amemchinja. Mimi natafuta pa kuanzia, napewa maji. Nafungua mdomo, naulizwa habari za nyumbani. Nikapata nafasi akiwa amekaa kwenye kigoda, ananyonyoa.

"Mama, mtu aliyemtaja Saidi kwenye kamati ni mimi."

Akaendelea kunyonyoa. Nikadhani hakuelewa, nikarudia kwa Kimwera changu kibovu. Mikono ikasimama. Akamtazama kuku, akanitazama mimi, akamtazama tena kuku.

"Sasa huyu," akasema taratibu, "nimemchinjia nani?"

 

Hakunifukuza. Alimpika yule kuku, akaniletea na ugali, akaniwekea maji ya kunawa, kisha akaingia ndani na kurudishia mlango. Nikala peke yangu mkekani, majirani wananitazama, maana kuacha kile chakula lingekuwa tusi lingine juu ya lile la kwanza. 

Wadogo zangu mlioko vyuoni, uongozi siyo dhambi, gombeeni. Lakini siku ukijisikia unaongea lugha ambayo rafiki yako haielewi, vua koti, beba shuka lako, rudi bwenini ukalale na wenzako kwenye joto. Na kama yuko mtu uliyemkosea, usikae unangoja akukaribishe. Wahi asubuhi, simama hapo hapo nje ya uwanja wake, useme kabla hajamkamata kuku.