Kibao cha Mlangoni

Mashuka ya Veneranda yanajulikana Ntalikwa nzima, na hata Tabora mjini wapo wanaomfuata kwa bodaboda ili awadarizie. Akidarizi waridi, utatamani uiname ulinuse. Akiandika "Usiku Mwema" kwenye foronya kwa uzi mwekundu, herufi zinakaa sawasawa kama za sista wa shule. Mabibi harusi wengi wa kata ile wameanza ndoa zao juu ya kazi ya mikono yake. Lakini muulize yeye ni lini alipata usiku mwema na mumewe, wao wawili tu. Atacheka kwanza, ataramba uzi autie kwenye sindano, na kama anakuamini atakuambia habari za porini.

Ambrosi, mumewe, ni mrina asali. Masika yakiisha huingia msituni upande wa Ugalla, akapiga dago na wenzake, na huko hukaa mpaka asali imejaa ndoo. Dago ni kambi ya wanaume. Mwanamke hubaki nyumbani akilima na kungoja, kama bibi zake walivyongoja enzi za misafara, waume zao wakiwa njiani na pembe za ndovu za matajiri mabegani. Lakini mwaka ule waliooana mwenzake Ambrosi aliugua, hapakuwa na wa kupika, basi akamchukua bibi harusi wake. Wakakaa mwezi mzima kwenye kibanda cha magome ya miti kisicho na mlango, na mlango wa nini, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuugonga.

Na Ambrosi wa dagoni alikuwa msemaji, ungemsikia! Alimsimulia mkewe tabia ya kila mzinga, upi mkali, upi mvivu, upi una wivu, kama mtu anayewasema wakwe zake. Alimwita kwa jina lake, Veneranda. Alicheka mpaka ndege wakaruka mitini.

Kisha wakarudi nyumbani, na nyumba ikajaa. Alikuwamo mama mkwe, walikuwamo mashemeji, wakaja watoto wa mashemeji, wakaja wagonjwa wa ukoo waliofuata hospitali mjini, wakaja wanafunzi waliopangiwa shule za Tabora. Ukijenga karibu na mji umejenga stendi, wasemavyo pale. Ambrosi akila, anakula barazani na wanaume. Veneranda anakula jikoni na wanawake. Na chumba chao, kama vyumba vingi vya kule, kuta zake hazikufika juu. Mtu akijigeuza kitandani chumba hiki, wa chumba cha tatu anauliza kama hajapata usingizi. Basi Ambrosi akajifunza kunong'ona, na mtu anayenong'ona miaka mingi mwisho hukosa la kusema. Jina la Veneranda likafia humohumo. Akawa Mama Festo.

Alimtamani mumewe. Tuseme waziwazi, maana hakuna aibu ndani yake. Alikuwa naye kila siku asipokuwa porini, alimfulia mashati, alimjua hatua zake gizani, na bado alimtamani kama mtu aliye safarini. Alichotaka ni kitu kimoja: siku mbili naye mahali ambapo hakuna atakayepiga hodi.

Nafasi ikaja siku ya jubilei yao, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Misa ilikwisha, watu wakala wakashiba, na Festo, kijana wao anayefanya kazi mgodini Geita, akashika kipaza sauti. "Mama," akasema, "chagua hoteli ya kifahari, mji wowote unaoupenda, mwende na baba mkapumzike. Mimi nitalipa." Vigelegele vikapigwa. Mama mkwe akauliza kwa sauti hotelini kuna nini kisichokuwepo hapa, na ikawa bahati kwamba muziki ulifunguliwa.

Veneranda alichagua hoteli kama anavyochagua kitambaa, bila haraka, akigeuza upande wa ndani na wa nje. Jioni zote aliketi na Levina, binti yake, simu katikati yao, wakitazama picha. Waliona mabwawa ya maji ya buluu, mabafu ya kulala, ngazi zinazopanda zenyewe. Mashuka yalimshangaza. "Meupe peee," alisema. "Hata ua moja? Sasa mtu anajuaje kwamba anatakiwa usiku mwema?"

Lakini taabu haikuwa hoteli. Taabu ilikuwa ndugu. Ukifika mji wenye ndugu yako ukalala hotelini, umemtukana, na tusi hilo litasimuliwa misibani mpaka wajukuu. Akaipata hoteli nzuri Dodoma. Dodoma yupo baba mdogo wa Ambrosi, mzee Wenceslaus, mwenye simu na kumbukumbu. Akaipata nyingine Kigoma. Kigoma yupo kaka yake Veneranda, katekista, na chumba chake cha wageni kimesubiri tangu kijengwe. Dar es Salaam hakuijadili, kwa sababu nusu ya Ntalikwa imehamia Dar. Kila alipouweka moyo wake, alikuta ndugu amekaa mlangoni anatabasamu.

"Twende Bukoba," alisema Levina. "Bukoba hatuna mtu."

"Tuna mtoto wa ubatizo wa baba yako."

Ndipo jioni moja akaiona hoteli ya Mwanza. Ilikuwa ghorofa ndefu juu ya ziwa, lakini ziwa hakulitazama. Alitazama picha moja ndogo ya mlango uliofungwa. Kwenye kitasa palining'inia kibao, na kibao kimeandikwa: Tafadhali Usisumbue.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Ukitaka kupumzika unakitundika, mama. Hakuna anayegonga."

"Hata mhudumu?"

"Hata meneja. Hoteli zote nzuri wanavyo."

Veneranda hakuamini kwamba hoteli zote wanavyo. Alikuwa amekiona pale, na pale ndipo alipopataka. Mwanza sasa! Mwanza yupo Marcelina, dada mkubwa wa Ambrosi, mjane, mwenye nyumba Nyakato na ulimi unaofika Ntalikwa bila nauli. Katika wifi zake wote, huyo ndiye aliyemwogopa.

Akamfuata Ambrosi uani, akamkuta anakwangua mzinga mkongwe.

"Baba Festo, nimechagua. Ni Mwanza."

Ambrosi akaacha kukwangua. "Na dada?"

"Tutalala hotelini siku mbili kwanza. Ya tatu tunakwenda kwa dada kama tumeshuka kwenye basi sasa hivi."

"Mtu hampiti Marcelina, Mama Festo." Akashika tena kisu, akakiweka. "Kwani huko hotelini unataka nini hasa?"

Veneranda alikuwa ameandaa maneno mengi, ya ziwa na ya hewa safi, yakamkimbia yote. "Nataka kuongea na wewe," akasema.

Ambrosi akamgeukia. "Kumbe," akasema. Halafu akasema sawa.

Walichosahau ni kwamba mama mkwe naye ana moyo. Aliposikia wanakwenda Mwanza hakuuliza watafikia wapi, maana huko kwa akili zake kuna mlango mmoja tu. Alfajiri ya safari wakamkuta amekaa barazani na mzigo wa Marcelina: furushi la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kama Marcelina alivyovipenda utotoni, karanga, na kuku jike mwekundu amefungwa miguu. Nani angemwambia mama mzazi abaki na kuku wake? Wakapanda basi na kuku. Nzega akalia, Shinyanga akalia, na Veneranda kila akimtazama aliona jicho la wifi yake.

Hotelini mlinzi wa getini alimpokea kuku kwa heshima zote, akamfunga kwenye mti wa maua. "Mama, huyu naye ana chumba?" akatania. Veneranda akacheka kupita kiasi kwa hofu.

Chumba kilikuwa ghorofa ya juu. Akaingia amevua viatu, akavishika mkononi. Kitanda kilikuwa kipana kuliko chumba chao cha Ntalikwa. Akainua macho na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba kuta zilifika juu, zikakutana na dari, bila uwazi wa hata kidole. Kwenye kitasa, upande wa ndani, kibao kilikuwepo kweli. Akakigusa. Alikuwa anakitoa ndipo simu ya Ambrosi ilipoita.

"Mko wapi?" Ilikuwa sauti ya Marcelina. "Mama ananiambia mmepanda basi tangu alfajiri. Nije stendi?"

Ambrosi anaweza kudanganya nyuki kwa moshi, lakini binadamu hajawahi kumweza. Akafungua kinywa, akakifunga. "Dada," akasema, "tuko hotelini." Akaitaja na jina.

Veneranda akaketi sakafuni, kibao mkononi. Hakulia. Aliwaza tu kwamba angalau amekiona chumba.

Marcelina alifika jua likianza kuelekea ziwani. Aligonga mara moja, akaingia.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nyumba yangu imeungua?"

"Hapana, wifi."

"Ina kunguni? Nimenunua sato, nimepika, nimetandika kitanda, kumbe ndugu yangu wa tumbo moja analala hotelini kama mfanyabiashara wa ng'ombe wa Igunga! Ambrosi, nimekukosea nini?"

Ambrosi alitazama vidole vya miguu yake. Veneranda akaona kwamba sasa akinyamaza atanyamaza mpaka kaburini.

"Kosa ni langu, wifi," akasema. "Nilitaka kuongea na mume wangu. Pale nyumbani kuta hazifiki juu. Nilitaka mahali pa kuongea naye, basi. Kama ni tusi nisamehe, tukusanye vitu twende."

Marcelina aliketi ukingoni mwa kitanda, akapapasa shuka kwa kiganja, polepole. Kisha akainua uso, akatazama pale ukuta unapokutana na dari, kona moja mpaka nyingine.

"Hizi zinafika," akasema.

"Zinafika, wifi."

"Mimi na marehemu Kornel tulianza na chumba kimoja, Nyakato hiyohiyo. Kimoja, na pazia katikati. Unamjua aliyekuwa analala upande wa pili wa pazia?" Akamnyooshea Ambrosi kidole, lakini bila ukali. "Huyu. Alikuja kutafuta kazi. Usiku anakohoa ili tujue yuko macho, maskini, alikuwa na adabu. Tukanong'ona miaka miwili. Kornel akawa ananiambia, akiondoka huyu tutacheka kwa sauti. Alipoondoka akaja mdogo wake. Kisha wakaja wa upande wa Kornel. Tulipojenga nyumba ya vyumba vingi, vikajaa." Akakunja pindo la shuka, akalikunjua. "Sasa vyumba vyote vitupu, na naweza kucheka nitakavyo. Nacheka na nani?"

Ambrosi alikuwa ameinua uso. "Dada, sikujua," akasema.

"Ungejuaje? Tulinong'ona." Marcelina akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasimama, akawa Marcelina tena. "Mzigo wangu uko wapi?"

Veneranda akamkabidhi furushi na karanga, akamwambia habari za kuku aliye getini.

"Mimi nimepata zawadi zangu, kwa hiyo nyinyi mmefika kwangu. Keshokutwa mje mle sato. Na hicho ulichoshika ni nini?"

Veneranda akaona haya mpaka masikioni. Akamwelezea. Marcelina akakichukua kibao, akakisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama anayesoma somo kanisani. "Kumbe vipo," akasema. Akatoka nacho, akavuta mlango, nao wakasikia kibao kikigonga mbao kwa nje kikitundikwa.

Bado walikuwa wamesimama vilevile simu ilipolia koridoni. Mama mkwe huongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Hata mlango ukiwa umefungwa walimsikia.

"Wamefika?"

"Wamefika, mama."

"Nipe niongee nao."

"Wamelala."

"Wamelala jua hili? Wapi?"

"Hapa kwangu, mama. Wamechoka. Waache walale."

Hatua za Marcelina zikashuka na korido mpaka zikapotea. Ambrosi akavuta pumzi kama mtu anayekaribia mzinga.

"Veneranda," akanong'ona.

Halafu akatazama juu, akakumbuka, akaliita tena kwa sauti.