Wino wa Karani

Karani wa shule ndogo ya parokia, huko Pensilvania, huandika kwa penseli kila ombi ambalo wilaya haijalikubali: jina la mtoto, kituo, namba ya basi. Likikubaliwa, hulipitishia wino. Mabasi ni ya wilaya, lakini kuyaomba ni kazi ya shule, na kila Machi, msimu wa maombi ya mwaka ujao, vidole vyake huwa vyeusi. Jana Bwana Haverstick wa ofisi ya mabasi alipiga simu.

“Mama, mtoto wa Kowalczyk tumemkata kwenye orodha. Hatuvuki maili kumi nje ya mpaka wa wilaya, na ramani inasema kumi na nusu.”

“Ramani yako inapita njia ya zamani, mwanangu. Daraja la Machimboni lilifunguliwa Oktoba. Nimepima na gari langu mara tatu: tisa na robo tatu. Huamini? Vaa koti, nakuja kukuchukua.”

Sista Bernadine, mwalimu mkuu mpya aliyesimama kando ya meza, alibana pumzi. Upande wa pili kikasikika kicheko.

“Haya, umeshinda. Basi namba kumi na nne, kama ulivyoomba.”

Sista akamsogezea kalamu ya wino. Karani hakuigusa. Kwenye kadi ya mtoto, ile kumi na nne ilikuwa imeshaandikwa kwa wino, na wino umekauka tangu asubuhi.