Dishi Lililozungumza na Kilima

Kilichotangulia kuonekana kwake ni saa mbili za mkononi, zote mkono wa kushoto. Moja ya nyumbani. Nyingine, iliyo nyuma kwa saa tatu, ya mitambo, maana chombo cha angani hakijui jua la mtaa wa mtu. Kazini walimwita Bi Dira. Mama mkwe wake alikuwa na lake: "Unaongoza chombo mpaka Mirihi, mwanangu, kibiriti cha jikoni hukioni!"

Asubuhi hiyo, kwenye kituo cha kuongozea chombo, alimkuta fundi, mwenzake wa zamu, anajifuta jasho.

"Dada, nimetuma amri ya kugeuza njia. Dakika arobaini sasa, chombo kimya."

"Umetuma saa ngapi?"

Fundi akaonyesha saa ya ukutani. Bi Dira akaitazama, akatazama mkono wake, akashika kiuno. Ya ukutani, ambayo nayo ni ya mitambo, ilikuwa mbele kwa saa tatu.

"Nani ameigusa?"

"Mimi," alisema mkurugenzi mlangoni, uso wa mtu anayesubiri shukrani. "Ilikuwa nyuma. Leo tuna wageni, watuone wazembe?"

"Mzee, iko nyuma makusudi! Nilibandika karatasi: USIGUSE."

"Niliibandua. Ilichafua ukuta."

Bi Dira alifumba macho. Amri ilitoka kabla chombo hakijachomoza juu ya kilima. Dishi la kurushia mawimbi lilizungumza na kilima. Miaka mitatu ya hesabu zake ilikuwa ndani ya amri hiyo. Chombo kisipogeuzwa leo, kitaipita Mirihi moja kwa moja, na huko hakuna pa kugeuzia. "Afadhali kosa limetangulia," alisema. "Zimebaki saa mbili na ushei wakati wenyewe ufike."

"Basi wageni wapige picha na dishi katika muda huo," mkurugenzi alisema. "Ligeuzwe kidogo tu, ling'ae juani."

"Mzee wangu, kwa heshima zote, dishi likigeuka leo, kesho unitafutie mrithi."

Fundi akakohoa kuficha kicheko, akapanda kiti kuirudisha saa nyuma.

Wakati ulipotimia, Bi Dira alituma tena. Dakika kumi na moja amri kwenda, kumi na moja jibu kurudi. Wageni wakaingia, viatu vinang'aa.

"Mbona saa yenu iko nyuma?" mmoja aliuliza.

Bi Dira akamgeukia mkurugenzi.

"Ni makusudi," mkurugenzi alijibu, akitazama viatu vyake mwenyewe.

Dakika ya ishirini na moja ilikuwa imepita; ilibaki moja jibu lifike. Fundi alikuwa amesimama. Bi Dira aliishika saa ya mitambo kwa vidole viwili, macho kwenye skrini.