Alama niliyochoma kwenye miiko

Nani hapa Kiwanjani amepoteza ngamia? Jibuni haraka, nitaeleza.

Mnajua nilianza kuchonga miiko ya ugali kupitisha wakati tu, mpaka mkaanza kuinunua.

Wiki hii nikaona biashara lazima iwe na alama yake. Nikapasha msumari kwenye jiko, nikachoma duara na mistari miwili chini yake, kila mpini. Niliitoa kwa kichwa changu tu, wallahi.

Leo asubuhi nikatandaza miiko sokoni. Mama mmoja mzee kutoka Garbatulla akachukua mmoja, akageuza mpini, akapitisha kidole juu ya alama.

"Mwanangu, hii chapa umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni yangu.

"Hapana. Ni ya ngamia wa baba yangu. Baba alipotea nao wakati wa ukame, kundi lote. Hatujaona hata mfupa."

Nikacheka. (Mimi hucheka nikiogopa.)

Yeye hakucheka. Aliurudisha ule mwiko polepole, kama mtu analaza mtoto.

"Ngamia hufuata chapa yake," akasema, akaenda zake.

Nikatia kila kitu kwa gunia, nikarudi nyumbani.

Sasa kuna ngamia amekaa mbele ya geti langu. Hana kamba, hana mchungaji, anatazama dirisha la sebule tu. Vumbi limemjaa mpaka kope.

Nataka kuona chapa kwenye paja lake, lakini amelikalia. Nani anakuja tumwinue?

Njooni upesi. Nimehamisha gunia la miiko kutoka sebuleni hadi jikoni, nikachungulia dirishani.

Amegeuza kichwa upande wa jikoni.