Gari la Chama Lililonguruma

Mtaa wetu wa Gulele ulikuwa na njia mbili za kujua kwamba mtu amekufa. Ya kwanza ni mpiga tarumbeta wa chama cha kuzikana, aliyepita alfajiri akitangaza jina la marehemu, mara nyingi akilikosea. Ya pili ni gari la chama likiteremka mlima na jeneza, tairi zake zikinguruma huuuu kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Usukanini alikuwa Wondafrash, mwanamume mpole wa miaka hamsini na mitatu, mwenye tumbo la heshima, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafikisha watu wengi makaburini kuliko homa.

Kelele zenyewe hazikumsumbua. Waliolalamika ni wafiwa. Wanawake wa Gulele wanajua kulia, wanalia kwa mashairi, na inaudhi kumsifu marehemu kwa sauti yako yote halafu ukazidiwa na tairi. Lakini hata hilo angelivumilia. Kilichomkosesha usingizi Wondafrash ni mama yake.

Bibi Zenebech alikuwa na miaka themanini na moja. Baada ya Sikukuu ya Msalaba alijilaza akisema magoti yanamuuma, na hakuinuka tena. Daktari alikuja, akayagonga magoti, akaondoka bila la maana la kusema. Chakula alikuwa anadonoa tu. Dirisha lake lilitazama barabara iendayo kanisani, na mke wa Wondafrash ndiye aliyeleta habari: kila gari la chama linapopita, mama hugeukia ukutani na kuanza kunong'ona. Wondafrash alihuzunika sana. Aliamini kwamba yeye, mwana wa pekee, anamuua mama yake kwa tairi.

Akaenda kwa mwenyekiti wa chama, Gashe Ketsela, Gashe kama tunavyowaita wakubwa wetu, mzee mwenye nywele nyeusi kupita umri wake, ambaye alizilinda fedha za wanachama kana kwamba na yeye atazikwa nazo.

"Tairi tumekununulia miezi mitano iliyopita," alisema Ketsela. "Unazila?"

"Sizili mimi, Gashe. Lete mkono."

Akamchutamisha mzee barabarani, akakipitisha kiganja chake juu ya tairi la mbele. Kwenda, laini. Kurudi, meno ya tairi yakakwaruza kama msumeno.

"Umeona? Magurudumu ya mbele yamekaa upande tangu nilipogonga ngazi ya lango la makaburi. Gari linataka kwenda mbele, tairi zinataka kwenda pembeni, basi zinaburuzwa. Ndizo kelele hizo. Ukinunua mpya bila kuyanyoosha magurudumu, utanunua tena kabla ya Pasaka."

"Gari la maiti linyooshwe ya nini? Kuna abiria aliyerudi kulalamika?"

"Gashe, mama yangu..."

"Mama yako namheshimu. Lakini hema la matanga lina tundu la kuzibwa kwanza, na mvua haiheshimu mtu."

Wondafrash hakuwa mtu wa kugombana. Alitoa funguo mfukoni, akazining'iniza mbele ya pua ya mwenyekiti. "Basi shika. Kesho kuna maziko, endesha wewe."

Ketsela alizitazama zile funguo asizishike. Watu wetu hula na dereva wa maiti, hunywa naye, hata humwozesha binti. Kiti chake tu ndicho hakuna anayekitaka.

"Kanyooshe," akasema.

Fundi Feleke aliliinua gari kwa jeki, akayazungusha magurudumu kwa mkono, akatega sikio. Kelele hazikutoka kwenye beringi; zilikuwa nzima. Alipoyapima magurudumu ya mbele, akaguna.

"Kaka, ulikuwa unaendesha gari au unalima?"

Feleke alipokwisha kuyanyoosha, tairi mpya badala ya zile zilizoliwa walikwenda kununua Wondafrash na mwenyekiti wote wawili, kwa sababu Ketsela hakumwamini mtu yeyote na fedha. Moja kwa moja mzee aliyaendea matairi yenye meno makubwa kama matofali.

"Haya ndiyo yana mpira! Haya ni mali."

"Hayo ni ya matope, Gashe. Kwenye lami yatalia kuliko wafiwa."

"Na hizi hapa? Bei nzuri, na zinang'aa."

Wondafrash aliinama, akasoma tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. "Hizi zina miaka kumi na moja. Zimepakwa rangi tu."

"Hata mimi nimepaka," alijibu Ketsela, na wakaendelea kuzunguka mpaka zilipopatikana tairi nne za mwaka huo, zenye mistari myembamba, za barabara.

Alhamisi alizikwa fundi viatu mmoja aitwaye Yalew. Gari lilipita kimya mno, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Gulele yote ilisikia mashairi ya wanawake, pamoja na yale ambayo ingekuwa bora yasisikike. Wondafrash alipita chini ya dirisha la mama yake akijiona mtoto mwema kuliko wote duniani. Jioni akaingia chumbani kwake akitabasamu.

"Yalew amezikwa leo?" mama alifoka kabla hajaketi. "Gari limepita hapa? Mbona sikulisikia?"

"Nimelinyamazisha, mama. Najua lilikuwa linakutisha."

"Linitishe mimi?" Bibi Zenebech aliketi kitandani wima, peke yake, bila kushikwa. "Mjinga wewe! Likipita likinguruma najua limempata mwingine. Nilikuwa nageuka nashukuru. Nahesabu! Kumi na wanne tangu Msalaba, nami bado nipo. Sasa likija kimyakimya hivyo, nitajuaje kama linapita au limesimama mlangoni?"

 

Kesho yake yale magoti yaliyomshinda daktari yalimbeba mama hadi langoni. Aliagiza kigoda na fimbo, na tangu siku hiyo hukaa pale. Gari la chama likitokea, fimbo huinuka, na msafara mzima husimama, na jeneza, na padri, na Ketsela akiitazama saa yake.

"Nani?" mama humuuliza mwanawe kwenye dirisha la gari.

Wiki iliyopita Wondafrash alilitaja jina.

"Miaka?"

"Sabini na sita, mama."

"Mtoto," alisema mama, akamwita mkwewe alete mkate wa injera, na mchuzi wa dengu usiwe wa kunyunyiza. Kisha akaishusha fimbo. "Pita, mwanangu. Pita."